Kreifishi si kambakochi, wala si uduvi

Kreifishi ni mnyama wa maji yasiyo na chumvi, mwenye gamba gumu, miguu kumi na magando mawili makubwa yaliyotangulia mbele. Anaishi mtoni, ziwani na kinamasini, na aina nyingine hujichimbia shimo kwenye udongo wenye unyevu, mbali kidogo na maji ya wazi. Spishi zinazojulikana duniani zimepita 640, na nyingi zimerundikana sehemu mbili: kusini-mashariki mwa Marekani na kusini-mashariki mwa Australia. Afrika, ukiitoa Madagaska, ile Bukini ya wazee, haina hata spishi moja ya asili. Maana ya neno imeishia hapo. Kinachotaka maelezo ni kwa nini jina hili linatajwa sana Dar es Salaam, na karibu kila linapotajwa anayekusudiwa ni kiumbe mwingine.

Kosa limeingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni jiko. Mapishi ya Kinaijeria yamejaa kwenye simu, na kila mchuzi wao una kijiko au viwili vya kreifishi wa kusagwa. Mpishi wa Tabata anakwenda soko la samaki la Feri, anaulizia, anapewa kamba wakubwa wa bei mbaya, anawasaga wabichi, na mchuzi unatoka hauna ile harufu aliyoahidiwa. Jikoni kwa Wanaijeria jina hilo ni la kamba wadogo waliokaushwa. Sisi tunawaita uduvi, na wanapatikana kwa wauza dagaa. Wapepete kutoa mchanga, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimbonyeza mmoja avunjike badala ya kupinda, waache wapoe, ndipo utwange. Ukiwatwanga wakiwa na unyevu wanashikana kama unga uliomwagiwa maji, na kopo likikaa siku chache linavunda. Hapo jina limeharibu chakula cha siku moja, si zaidi.

Mlango wa pili ni menyu. Afrika Kusini wanamwita kreifishi yule wa baharini ambaye sisi tunamwita kambakochi, na jina hilo limesafiri na watalii na wapishi mpaka hoteli za ufukweni kwetu. Kambakochi ana kila heshima, lakini hana gando. Ana papasi mbili nene zenye miiba, ndefu kupita mwili wake, na hizo ndizo silaha zake. Anakaa kwenye miamba ya matumbawe, na maji yasiyo na chumvi yatamuua. Anayeagiza sahani hiyo hadhulumiwi kitu, maana alichopewa ndicho alicholipia. Anaondoka tu na jina la mtu mwingine mdomoni.

Mlango wa tatu ndio unaoudhi, nao ni wa ufugaji. Tangazo linasema "mbegu za kamba wa maji baridi", bei kwa kila mia, zinakua haraka, hazichagui chakula. Unayesoma hujui unauziwa nini. Anaweza kuwa kamba wa mtoni, ambaye mito yetu inamjua tangu enzi. Anaweza kuwa kreifishi wa Australia. Jina moja limewafunika wote wawili kama khanga moja, wakati tofauti yao kwa mto ulio karibu na bwawa lako ni kubwa kuliko tofauti ya mbuzi na fisi.

Tuanze na jina lenyewe, maana fujo imeanzia huko. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa neno linalofanana na "krevisi", lenye asili moja na majina ya kaa katika lugha za Kijerumani. Sikio la Mwingereza likasikia mwisho wa neno kama neno lao la samaki, na samaki akabandikwa hapo asipohusika. Ni kosa la sikio, kama yanavyotokea katika kila lugha. Wahamiaji walipolibeba kwenda pwani za mbali, wakampa kila mnyama wa majini mwenye gamba na mkia aliyewakumbusha wa nyumbani. Ndiyo maana Lagos, Cape Town na Louisiana wanatamka jina moja na kila mmoja anaona picha yake. Louisiana ndio walio sahihi.

Kiswahili kwa upande wake hakikumpa kreifishi jina kwa sababu hakikuwahi kukutana naye. Pwani tuna kamba, au kambamiti kama wasemavyo watu wa uvuvi, tuna uduvi, tuna kambakochi, tuna kaa. Wamalagasi wa nyanda za juu, ambao kreifishi wapo vijitoni mwao, wana neno lao: orana. Lugha haihifadhi jina la asiyekuwepo. Kwa hiyo tulipoletewa picha yake tukaazima "kamba" na kuongeza "wa maji baridi", na hapo tukazaa kosa la pili.

Maji baridi maana yake ni maji yasiyo na chumvi. Hayahusiani na friji wala na hali ya hewa ya Njombe. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba kamba wa maji baridi hawezi kufugwa Mkuranga kwa sababu ya joto. Kreifishi anayepigiwa debe zaidi na wafugaji, yule wa Australia wa gando jekundu, Cherax quadricarinatus, asili yake ni mito ya kaskazini mwa Australia na New Guinea. Hustawi kwenye maji ya nyuzi 23 hadi 31, na baridi ikizidi hufa. Mkuranga kwake ni kama nyumbani, na hilo ndilo linalopaswa kututia wasiwasi. (Na kwa wale wanaoandika "kamba ya maji baridi": "kamba ya" ni ile ya kufungia mbuzi. Mnyama ni "kamba wa".)

Kuwatofautisha hakuhitaji maabara. Mlaze mnyama kwenye sinia na utandaze miguu yake ya mbele. Kambakochi hana gando lolote mbele. Kambamiti wa baharini ana mwili uliobanwa ubavuni, gamba jembamba unaloweza kulimenya kwa ukucha, na vibanio vidogo sana kwenye jozi tatu za miguu ya mbele. Kamba wa mtoni, jamii ya Macrobrachium, anawababaisha wengi kwa sababu dume lake lina mikono mirefu ya kutisha. Hesabu vizuri: mikono hiyo ni jozi ya pili ya miguu. Jozi ya kwanza imekunjwa chini ya kidevu, myembamba, yenye vibanio vidogo. Kisha tazama pingili ya pili ya mkia kwa ubavuni. Kwa kamba wa mtoni ubavu wa pingili hiyo umefunika ule wa mbele yake na ule wa nyuma yake, mfano wa kigae kilichopanda vigae vyote viwili. Kwa kambamiti kila pingili imefunika inayofuata tu.

Kreifishi hana fumbo. Gando kubwa liko kwenye jozi ya kwanza kabisa, nene kama la kaa. Jozi ya pili na ya tatu zina vibanio vidogo, mbili za mwisho hazina kitu. Mgongo ni wa mviringo, mkia mpana, na gamba halimenyeki kwa ukucha.

Lakini tofauti yenye uzito haionekani kwenye sinia. Iko kwenye watoto. Mayai ya kamba wa mtoni yakianguliwa hutoa viluwiluwi vinavyoelea, na kwa spishi nyingi za mito ya pwani viluwiluwi hivyo vinahitaji maji yenye chumvi kiasi. Ndiyo maana majike hushuka kuelekea mlangoni mwa mto, na watoto wakishapata umbo hupanda tena. Anayezalisha kamba wakubwa wa Asia, Macrobrachium rosenbergii, hulea viluwiluwi kwenye maji ya chumvi ya takriban gramu 12 kwa lita, navyo hupitia hatua 11 kabla ya kufanana na wazazi. Akikosea chumvi, tangi zima linakufa. Kamba huyo akitoroka bwawani Dodoma ataishi umri wake, atazeeka, na habari itaishia hapo.

Kreifishi hana kiluwiluwi cha kuelea. Jike hubeba mamia ya mayai chini ya mkia, yanaanguliwa yakiwa tayari na sura ya kreifishi mdogo, na watoto hubaki wamemng'ang'ania mama mpaka wajivue gamba mara kadhaa. Wakiachia wanaanza kula palepale. Hahitaji bahari, hahitaji mlango wa mto. Jike mmoja mwenye mayai aliyevuka tuta usiku wa mvua anatosha kuanzisha ukoo katika kijito kizima. Na kuvuka tuta anaweza: hutembea nchi kavu ilimradi matamvua yake hayajakauka.

Majirani wameshaonja. Mwaka 1970 kreifishi mwekundu wa Louisiana, Procambarus clarkii, alitiwa makusudi Ziwa Naivasha, Kenya, ili wavuvi wapate zao jipya. Wakati fulani aliuzwa mpaka Ulaya. Lakini alikula majani ya chini ya maji na mayungiyungi, na mimea hiyo ilitoweka na kurudi kadiri yeye alivyoongezeka na kupungua. Yupo pia Bunyonyi, Uganda, ambako hutegwa na kuliwa. Tabia yake nyingine ni kuchimba. Anapoingia kwenye mashamba ya mpunga hukata miche na kutoboa kingo za majaruba, maji yanavuja usiku na mkulima anadhani ni panya. Wahispania waliomwingiza mwaka 1973 wanaijua kazi hiyo vizuri.

Yule wa gando jekundu aliletwa Zambia kwa ajili ya ufugaji, akatoroka mabwawani, na sasa yuko Mto Kafue, Kariba na sehemu nyingine za bonde la Zambezi. Wavuvi wa huko hutega nyavu jioni, na alfajiri wanakuta samaki wamelika matumbo na mapezi wakiwa bado wavuni. Samaki wa namna hiyo hauzwi kwa bei ya kueleweka. Ziwa Nyasa hutoa maji yake kwa Mto Shire, nao huingia Zambezi. Maporomoko ya Shire ni kizuizi kizuri kwa mnyama anayetembea. Kwa mnyama anayebebwa kwenye ndoo si kizuizi.

Hapa neno la uhifadhi linapotoshwa pia. Mtu husikia kwamba kreifishi wako hatarini kutoweka, akadhani kumfuga na kumwachia mtoni ni thawabu. Tathmini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya spishi 590 iliona karibu theluthi moja, asilimia 32, ziko hatarini. Ni kweli. Ila hizo ni zile zenye makazi finyu: bonde moja la mto, mlima mmoja, pango moja. Baadhi ya kreifishi wa jamii ya Euastacus wa Queensland, Australia, wamebaki vileleni penye ubaridi, na joto likipanda hawana kilima kingine cha kukimbilia. Astacopsis gouldi wa Tasmania, mkubwa kuliko wote, jike lake huchukua takriban miaka 14 kupevuka. Ukimvua leo, wa kushika nafasi yake utamsubiri muda wa mtoto kuzaliwa mpaka kumaliza shule ya msingi hivi. Uvuvi wake ulipigwa marufuku mwaka 1998.

Na miongoni mwa vinavyowamaliza wenyeji wamo kreifishi wengine. Wale wa Marekani hubeba Aphanomyces astaci, kiumbe mfano wa kuvu kinachowasumbua kidogo wao wenyewe na kuwaua wa Ulaya kwa maelfu. Tauni hiyo ilionekana Italia karibu mwaka 1860. Sweden, baada ya kupoteza wa kwake, ilileta wa Marekani kuanzia mwaka 1960 kujaza pengo, na ugonjwa ukaja nao. Madagaska ina spishi 7 za kreifishi wa asili wa jamii ya Astacoides, wakaazi wa vijito vya nyanda za juu za mashariki, wanaokua polepole. Katikati ya miaka ya 2000 akaonekana huko kreifishi wa marumaru, ambaye wote ni majike na huzaa bila dume. Wamalagasi hawakumwita orana tu. Walimwita foza orana, kreifishi-kaa, ili asichanganywe na wa kwao.

Nasi tungeweza kufanya hivyo bila kuunda neno gumu. "Kamba wa mtoni" abaki kuwa yule wa Rufiji na Ruvu. Wa kutoka nje aitwe kreifishi, lafudhi yoyote utakayopenda, ili jina lenyewe liseme kwamba ni mgeni, na anayetaka kumwingiza ajue anahitaji kibali kabla ya mbegu. Muuzaji akikuandikia "kamba wa maji baridi", mwombe kwa upole picha moja ya miguu ya mbele ikiwa imetandazwa, uhesabu gando liko jozi ya ngapi. Na anayeandika menyu anaweza kufuta kreifishi aandike kambakochi. Bei inaweza kubaki ileile.