Kuingia Vault kwa akaunti ya Google: watu wanavyodhani na ilivyo

Watu wengi wakishaona kitufe cha Google kimekubali kwenye Vault, yaani ile programu ya kutunza siri za mifumo, wanadhani kazi imeisha, na hapo ndo hatari inaanza maana humo ndani kuna paswedi za database na funguo za API za malipo.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba Google ndo inaamua nani aone nini. Hapana jamani. Google inasema tu huyu ni nani, basi. Nani apite na akishapita afungue nini inategemea role (masharti ya nani aingie na apewe nini) na sera (orodha ya anachoruhusiwa kufungua) ulizoandika wewe mwenyewe ndani ya Vault. Sasa chukulia ile app uliyosajili Google ili Vault iweze kuitumia ni ya External, yaani ya watu wa nje pia, umeshaiachia kwa umma, halafu role yako haina bound_claims, yaani masharti kuhusu taarifa za mtu zinazotoka Google, hapo mtu yeyote mwenye Gmail anaweza akapata tokeni, yaani kibali cha muda cha kutumia Vault, na inakuja na sera zote ulizobandika kwenye hiyo role! Kama mna Google Workspace weka app iwe Internal, yaani ya watu wa shirika lenu tu, na bado kwenye role andika bound_claims ya hd (taarifa ya Google inayotaja domeini ya shirika la mtu) iwe domeini yenu. Fanya vyote viwili, usichague.

Ya pili naisikia sana: mtu akiacha kazi tunafunga akaunti yake ya Google, yameisha. Hayajaisha, tokeni aliyokwisha kupewa inaendelea kufanya kazi mpaka muda wake uishe, na usipogusa mipangilio Vault inaweka saa 768, yaani siku 32. Mwezi mzima na zaidi! Kwenye role weka token_ttl (muda wa tokeni kabla ya kuhuishwa) saa 1 na token_max_ttl (mwisho wake hata ikihuishwa) saa 8 hivi, inatosha kabisa kwa siku ya kazi, na siku mtu anaondoka izime entity yake, yaani rekodi ya mtu huyo, hukohuko Vault, tokeni zake hazitatumika tena.

Eti kwenye brauza inakubali ila kwenye terminali inagoma, kwa hiyo Vault ni mbovu? Sio mbovu, umesahau anwani ya pili ya kurudishia, yaani pale Google inapomrudisha mtu akishaingia. Terminali inatumia http://localhost:8250/oidc/callback, lazima iwepo kwenye role na kule Google, herufi kwa herufi.

Na wanaosema GitHub inaungwa hivihivi, sivyo, ile ina njia yake ambapo mtu anabandika tokeni yake binafsi ya GitHub, kwa hiyo ikivuja, aliyeiokota anaingia Vault kama yeye.