Kabla Hujanunua Pampu Kubwa ya Farumi

Wiki iliyopita mteja alinikuta ufukweni Msasani akiwa amebeba maboksi matatu ya pampu mpya za kujaza maji mifuko ya farumi, yaani uzito wa kuizamisha boti kidogo, kila moja likiwa na maandishi makubwa ya galoni 2,000 kwa saa, na kabla hatujamaliza kusalimiana akaniambia, "Fundi, toa zile za zamani, funga hizi. Mifuko inachelewa mno kujaa." Huyo ni mteja wa nne tangu upepo wa kusi upungue, na wote wanne walikuja na dawa ileile kabla ya ugonjwa kupimwa. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyaeleza kwa mdomo nikiwa nimeinama ndani ya ngama, chini kabisa ya boti, na kwa sababu naumia kuona watu wa Dar es Salaam wakitumia fedha nyingi kununua kifaa ambacho mara nyingi kitaiongezea boti yao taabu.

Mabaharia wetu wa majahazi waliijua farumi zamani sana. Chombo kilichokuwa kitupu kilitiwa mawe au mchanga chini ili upepo usikipindue. Katika boti ya weikibodi, ule ubao anaosimama juu yake mtu anayevutwa na boti, farumi ni maji ndani ya mifuko mizito ya plastiki, na kazi yake ni kuizamisha boti kidogo ili isukume maji mengi zaidi inapokwenda kilomita 35 hadi 38 kwa saa, wimbi la nyuma liinuke, na anayevutwa apate mahali pa kurukia. Mifuko miwili hukaa shetri, yaani nyuma, mmoja kila upande, na wa tatu hukaa omo, yaani mbele, kwa sababu uzito ukirundikwa nyuma peke yake pua ya boti huinuka, wimbi likawa kali lakini lenye povu na lisilo na mteremko mzuri. Hayo wateja wangu wanayajua, wala sina ugomvi nao hapo.

Ugomvi wangu ni juu ya namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwenye pampu za zamani za mteja huyu ni galoni 1,100 za Kimarekani kwa saa, yaani kama lita 69 kwa dakika, na namba hiyo hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo, aghalabu kwa umeme wa volti 13.6 unaofika kwenye pampu yenyewe bila kupungua. Ndani ya boti hakuna hata sharti moja kati ya hayo linalotimia. Maji hupanda kutoka chini ya boti hadi juu ya mfuko, hupita kwenye kona, valvu na mpira uliojikunja nyuma ya kiti, na umeme husafiri mita kadhaa kwenye waya ambao hakuna aliyeuangalia tangu siku ulipofungwa. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Navua mpira unaoingia kwenye mfuko, nauelekeza kwenye ndoo, nawasha pampu zote tatu kama mwenye boti anavyoziwasha, kisha nahesabu sekunde. Kwa boti ya mteja huyu, ambayo pampu zake za zamani ni za galoni 1,100, ndoo ingejaa kwa sekunde 17 kama boksi lingekuwa linasema kweli ya mahali pale. Ilijaa kwa sekunde 48. Hizo ni lita 25 kwa dakika, na mfuko wa lita 340 kwa mwendo huo hujaa kwa dakika 13 na zaidi. Malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa. Kilichokosewa ni mshtakiwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wavumilie, kwa sababu ndipo watu wanapoharakisha. Multimita, kile kipimo cha umeme, ikiwekwa kwenye betri huku injini ikiunguruma, ilisoma volti 13.6. Ikiwekwa kwenye ncha za pampu huku pampu inafanya kazi, ilisoma 11.3. Nasisitiza maneno "huku pampu inafanya kazi", maana mafundi wengi hupima pampu ikiwa imezimwa au waya ukiwa umechomolewa, wakaona 13.6 pande zote mbili, wakaandika kwamba umeme ni mzima. Waya mbovu hauoneshi ubovu wake mpaka umeme upite ndani yake. Pampu ya panga, ambayo kipanga chake huzunguka bila kugusa kuta za nyumba yake, hufuata umeme kwa ukaribu sana: volti ikipungua, mzunguko hupungua kwa takriban kiasi hichohicho, lakini nguvu ya kuyapandisha maji hupungua kwa kipeo cha pili cha mzunguko. Volti 11.3 ni asilimia 83 ya 13.6, na 0.83 ikizidishwa kwa 0.83 hupatikana 0.69. Karibu theluthi moja ya nguvu ya kupandisha maji ilikuwa imepotea kabla tone la kwanza halijaingia kwenye mpira.

Volti hizo zilipotelea wapi? Pampu tatu, kila moja ikila takriban ampea 4, zilikuwa zikilishwa na waya mmoja wa milimita 1.5 za mraba, wa aina inayofungwa majumbani kwa taa, wenye mita 6 za kwenda na mita 6 za kurudi. Shaba ya 1.5 ina ukinzani wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Mita 12 ni omu 0.138, na ampea 12 zikipita humo huacha njiani volti 1.65. Volti iliyobaki, zaidi ya nusu volti, niliikuta nyuma ya kiti cha kushoto. Waya hasi mkuu, unaorudisha umeme wa pampu zote tatu, ulikuwa umebanwa chini ya skrubu moja iliyogeuka rangi ya majani mabichi. Nilipoukata na kuumenya sentimita 10 kutoka kichwani, shaba ndani ilikuwa nyeusi kama iliyotolewa motoni, na nyuzi zake zilikatika kwa kucha. Chumvi ya Bahari ya Hindi hupanda ndani ya plastiki ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Ndiyo maana nashikilia waya wa baharini, ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati, na vichwa vya waya vyenye gundi ndani inayoyeyuka ikipashwa moto na kufunga mlango wa maji. Ni ghali kuliko waya wa nyumbani, lakini ni rahisi kuliko pampu tatu.

Sasa tufanye alichokitaka mteja. Pampu ya galoni 2,000 hula umeme takriban mara mbili ya ile ya 1,100. Tuseme ampea 8. Tatu ni ampea 24, na waya uleule wa 1.5 ungezitaka ziache njiani volti 3.3, kabla hujahesabu ile skrubu ya kijani. Kwa kweli pampu ikikosa volti nayo huvuta umeme pungufu kidogo, kwa hiyo hesabu haifiki pale hasa, lakini mwelekeo wake hauna shaka: pampu kubwa kwenye waya mwembamba hujinyima chakula yenyewe. Waya utapata moto, fyuzi itakatika, na hapo ndipo atatokea mtu wa kuweka fyuzi kubwa zaidi. Nimeshafungua boti ambamo fyuzi ya ampea 15 ilibadilishwa ikawa ya 40 juu ya waya mwembamba, na plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka na kugandana na ukuta wa sanduku, sentimita chache kutoka kwenye mpira wa petroli. Fyuzi hulinda waya. Haijawahi kuwekwa kwa ajili ya kuilinda pampu, na anayeipandisha bila kubadili waya anafunga jiko chini ya viti wanavyokalia watoto.

Upande wa maji nitaupitia kwa haraka zaidi. Mpira wa milimita 19 na ule wa milimita 25 huonekana kama ndugu, lakini kwa kiasi kilekile cha maji kwa dakika ule mwembamba hupoteza nguvu karibu mara nne. Kila kona kali ni hasara. Tumia mikunjo mipana. Tundu la kuingizia maji liwe na valvu ya kufungia, na valvu hiyo iwe ya bronzi au ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya baharini. Valvu ya brasi ya dukani huonekana vilevile siku ya kwanza, lakini maji ya chumvi huinyonya zinki yake, ikabaki shaba laini ya rangi ya waridi inayovunjika kama biskuti, nayo ndiyo inayozuia bahari isiingie ndani ya boti yako. Pampu ya panga ikizimwa haizuii maji kupita, kwa hiyo mpira ambao haukupandishwa juu ya usawa wa maji na kupewa tundu la hewa utaendelea kuvuta wenyewe, kama wanavyovuta mafuta kutoka kwenye tenki la gari kwa mpira na mdomo. Wateja wanaosema mifuko yao "inajijaza usiku" hawana jini. Wana mpira uliopita chini.

Tundu la kupumulia linastahili maneno yake. Mfuko haujai maji mpaka hewa iliyomo itoke, na mpira wa hewa ukiachwa ulegee mahali pamoja, ukatengeneza bonde, maji hukaa bondeni na hewa hukwama. Pampu hapo husukuma mfuko uliovimba kwa hewa, mwenye boti huona umevimba na kudhani umejaa, na wimbi linakuwa dogo. Katika boti hii mpira wa hewa wa mfuko wa kushoto ulikuwa na mabonde mawili. Niliufunga upya ukipanda juu moja kwa moja hadi ubavuni. Halafu kuna upepo unaoshikwa na pampu yenyewe: boti ikikimbia, povu hupita chini ya tundu la kuingizia maji, pampu hujaa hewa na kuzunguka bure, na ni lazima utoe upepo kama unavyoutoa kwenye injini ya dizeli. Jaza mifuko ukiwa umesimama au unakwenda polepole sana, na kila mara chungulia chujio, kwa maana majani ya bahari huziba, na mifuko ya plastiki bado inaelea Msasani ingawa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kuna jambo ambalo vitabu hulisema kwa uhakika nami sina uhakika huo. Wengi hupendekeza pampu za impela ya mpira, yaani kipanga chenye mabawa laini yanayopinda, badala ya za panga, kwa kuwa hujivutia maji zenyewe, hazishikwi na upepo, huzuia maji zikizimwa, na pampu moja hujaza na kumwaga kwa kugeuza mzunguko. Yote ni kweli. Lakini impela hiyo ikizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi, na boti zetu hukaa wiki nyingi juani bila kutumika. Nimezikuta impela zimeng'ang'ania nyumba zake, mabawa yamelala upande mmoja. Nimebadili msimamo mara mbili katika miaka hii. Kwa sasa nafunga pampu za panga kwa mtu anayekwenda baharini mara chache kwa mwaka, na za impela kwa yule anayekwenda kila Jumamosi, na siwezi kuapa kwamba mwakani nitasema hivyohivyo.

Uzito wenyewe usisahaulike. Mifuko miwili ya lita 340 na mmoja wa lita 180 ni lita 860, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, kwa hiyo boti hubeba karibu kilo 880: watu wazima 12 wa kilo 73 kila mmoja, ambao hawakuonekana wakipanda. Ondoa uzito huo kwenye kikomo cha boti kabla hujamwita rafiki wa saba. Mfuko ulio nusu ni mbaya kuliko uliojaa, kwa kuwa maji hukimbilia upande unaoinamia na kuuongezea mwinamo; mawe ya jahazi hayakuwa na tabia hiyo. Ukirudi kutoka Bongoyo au Mbudya upepo ukiwa umeamka, mwaga yote kwanza, ukiwa bado kwenye kivuli cha kisiwa. Na kama injini haifiki tena mizunguko yake ya juu baada ya kuongeza farumi, tatizo ni rafadha, propela kama wengi wanavyoiita. Tafuta yenye mwinuko mdogo zaidi wa mabawa, usiilazimishe injini.

Boti ya mteja niliifunga waya mkuu wa milimita 10 za mraba, kwenda na kurudi, hadi kwenye sanduku jipya karibu na pampu, na kutoka hapo kila pampu ikapata waya, fyuzi na relei yake, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Pampu ni zilezile za galoni 1,100, nilizisafisha tu. Multimita kwenye ncha za pampu ilisoma 13.2 zote zikifanya kazi, na ndoo ikajaa kwa sekunde 22. Mfuko wa lita 340 sasa huchukua dakika 6 na ushei. Maboksi matatu ameyarudisha nyumbani bila kufunguliwa. Kona ya juu ya mfuko wa kushoto bado inabakiza hewa kiasi cha kiganja cha mkono, hata baada ya kuyaondoa mabonde yale mawili, na Jumamosi nitaingia tena chini ya kiti kile kuihamisha shingo ya hewa sentimita chache kuelekea nyuma.