Kueleza Vizuri Hakutoshi: Dhana Zinazowakwamisha Wahadhiri

Katika semina za kuwanoa wahadhiri, kauli moja hunifikia kila muhula, nayo haibadiliki sana: "Nilieleza vizuri, darasa zima likaitikia kwa vichwa, lakini mtihani umewashinda; wanafunzi wa siku hizi ni wavivu." Mara nyingi anayeitoa ni mhadhiri anayejituma, aliyekesha akiandaa slaidi na asiyechelewa kipindi hata kimoja, kwa hiyo uchungu wake ni wa kweli. Hata hivyo, kauli hiyo imejengwa juu ya dhana potofu kwamba maelezo yakiwa wazi na yakasikika, basi wanafunzi wamejifunza.

Ukweli ni kwamba ufasaha wa mhadhiri humfanya mwanafunzi ajihisi ameelewa, na hisia hiyo si ya kuaminika. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliolinganisha njia mbili za kufundisha fizikia ya utangulizi. Kundi moja lilisikiliza mihadhara iliyotolewa kwa ustadi. Jingine lilipewa maudhui yaleyale, lakini wanafunzi wakahangaika na maswali katika vikundi kabla ya kuonyeshwa majibu. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi katika jaribio, ilhali wao wenyewe walidhani wamejifunza kidogo kuliko walivyodhani wenzao waliosikiliza tu. Mhadhiri anayepima somo lake kwa nyuso zilizoridhika amechagua kipimo kibovu.

Jambo hilohilo huonekana mwanafunzi anapojisomea. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma matini na kuirudia walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale ambao, badala ya kuirudia, walikuwa wamejaribu kuitoa kichwani bila kuitazama. Mtihani wa mwisho wa muhula hauji baada ya dakika tano, na bado wahadhiri wengi huendelea kuwashauri wanafunzi "wapitie tena noti", ushauri ambao ningefurahi kuona ukipigwa marufuku.

Mfano ninaoupenda ni wa Eric Mazur, pia wa Harvard, ambaye wanafunzi wake walimudu hesabu ngumu za fizikia na walimsifu kwa kufundisha vizuri. Aliwapa jaribio la dhana za msingi za kani, lenye maswali ya aina hii: lori zito likigongana na gari dogo, lipi hulisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Kani hizo ni sawa, kwa kanuni ya tatu ya Newton, ambayo mwanafunzi wa fizikia huikariri mapema kabisa. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe. Kuanzia hapo Mazur alibadili ufundishaji wake: huuliza swali, kila mwanafunzi hujibu peke yake kimya, kisha hujadiliana na jirani mwenye jibu tofauti na kujibu upya.

Wahadhiri hunijibu kwamba wao huuliza maswali. Nikihudhuria vipindi vyao, ninachokiona ni "Kuna swali?" inayotamkwa huku mkono mmoja ukichomoa waya wa projekta. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya shule, alibaini kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Ushauri wangu, ambao sichoki kuurudia, ni kutenga dakika tano za mwisho: zima projekta, madaftari yafungwe, kila mmoja aandike kwenye karatasi isiyo na jina wazo kuu la kipindi na mahali alipokwama. Usizitolee alama. Darasa likiwa na wanafunzi 200, soma karatasi 20. Zinatosha kukuonyesha pa kuanzia kipindi kijacho.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Ile inayogawa wanafunzi kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, ili kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, ilipitiwa na Pashler na wenzake mwaka 2008, nao hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuihalalisha. Watu wana mapendeleo, naam, lakini umbo la molekuli linahitaji kuonekana na matamshi yanahitaji kusikika, apende mwanafunzi asipende.

Wapo pia wanaojivunia kozi inayofelisha wengi, kana kwamba idadi ya waliofeli ndiyo kipimo cha ubora. Uchambuzi wa Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliojumuisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulionyesha kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya waliofundishwa kwa njia shirikishi. Sehemu ya kufeli huko, kwa hiyo, inatokana na njia ya kufundisha.

Mwisho ni dhana kwamba kumsaidia mwanafunzi ni kumdekeza. Kumpa vigezo vya usahihishaji kabla hajaanza kuandika hakumwandikii insha. Kunamwondolea kazi ya kubahatisha mhadhiri anataka nini, ambayo haimo katika mtaala wowote. Nao wanaosema "mlango wangu uko wazi, hawaji" wanapaswa kujua kwamba anayehitaji msaada zaidi ndiye anayeogopa zaidi kubisha hodi, kwa sababu anadhani kwenda ofisini ni kukiri kwamba hafai kuwa chuoni. Mwandikie pembeni mwa zoezi lake: "Njoo Jumanne saa nane, tupitie swali la pili." Mwaliko wenye siku, saa na swali mahususi haumlazimu kujieleza kwa nini amekuja.