Kwa nini tangi tupu hutuma miliampea 4 badala ya sifuri?

Tangi la kiwandani likiwa tupu kabisa, mtu angedhani kifaa kinachopima kimo chake kitatuma sifuri. Sivyo. Kinatuma mkondo wa umeme wa miliampea 4. Likijaa pomoni kinatuma 20, likifika nusu, 12. Presha ya boila na joto la tanuri navyo mara nyingi hufika chumba cha udhibiti kwa kipimo hichohicho cha 4 hadi 20.

Sababu kubwa ni waya kukatika. Panya akiutafuna au skrubu ikilegea, mkondo hushuka hadi sifuri. Kama sifuri ingemaanisha "tangi tupu", kompyuta ingefungua vali ya kujazia, na tangi ambalo huenda limeshajaa lingefurika. Kwa kuanzia 4, utupu na ubovu havichanganyiki tena. Mwongozo wa NE 43 wa NAMUR, jumuiya ya watumiaji wa mitambo ya udhibiti, unaotumika sana viwandani, unahesabu mkondo ulio chini ya miliampea 3.6 au unaozidi 21 kuwa hitilafu, si kipimo.

Lakini kujua kwamba waya umekatika hakutoshi. Vali ifanye nini sasa? Hapa ndipo mhandisi wa vipimo na udhibiti anapolipwa mshahara wake, kwa maoni yangu. Vali ya gesi inayolisha kichomeo anaipanga ijifunge, ya maji ya kupoza ijifungue. Tena huwekewa springi ya kuisukuma upande ulio salama hata umeme na hewa ya kuiendesha vikikatika kwa pamoja.

Zile miliampea 4 zina kazi nyingine pia: ndizo zinazokiendesha kifaa chenyewe, hivyo nyaya mbili tu hubeba umeme na taarifa. Na kwa nini mkondo, si volti? Volti hupungua njiani kwa ukinzani wa waya, ilhali mkondo katika saketi moja ni uleule mwanzo hadi mwisho. Ukifika, unapitishwa kwenye rezista ya omu 250 na kusomwa kama volti 1 hadi 5.

Uwiano huo wa moja kwa tano ulikuwepo hata kabla ya umeme kushika kazi hii. Ishara zilipita kwenye vibomba vya hewa iliyoshindiliwa, kuanzia psi (kipimo cha presha) 3 hadi 15, na vali nyingi bado huendeshwa hivyo. Huko nako hawakuanzia sifuri: kibomba kikipasuka, presha hushuka chini ya 3 na fundi anajua pa kuanzia.