Taji Isiyoharibika: Dhana Potofu Kuhusu Ushindi wa Mkristo

Makanisani tunaimba na kukiri ushindi kila Jumapili. Shida ni kwamba wengi tunauelewa ushindi huo kwa macho ya shabiki wa mpira, na mambo yakienda kombo tunadhani imani yetu imefungwa.

Dhana: Biblia inaidharau michezo.

Hapana. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na jirani na mji huo, huko Isthmia, mashindano makubwa yalifanyika kila baada ya miaka miwili. Mshindi alivikwa taji la majani. Wakorintho walipoandikiwa habari za wanaopiga mbio, walijua vizuri anachozungumzia. Paulo hamkemei mwanariadha, anaisifu nidhamu yake: "kila ashindanaye katika michezo hujizuia katika yote." Ndipo anapotofautisha: "hao kwa kusudi hilo ili wapokee taji iharibikayo, bali sisi tupokee taji isiyoharibika." Kasoro haiko kwa mkimbiaji, iko kwenye majani. Yananyauka.

Dhana: Ushindi wa kiroho ni kama ubingwa, usipoutetea kila msimu unanyang'anywa.

Ubingwa wa michezo ndivyo ulivyo. Leicester City walitwaa ligi kuu ya Uingereza mwaka 2016, na mwaka 2023 wakashuka daraja. Italia mwaka 2010, Hispania 2014 na Ujerumani 2018 waliingia Kombe la Dunia wakiwa mabingwa watetezi, wote wakatolewa hatua ya makundi. Hata kombe lenyewe halikai na mshindi: la asili hurudi FIFA, timu hubaki na nakala.

Mkristo anasimama juu ya jambo lililokwisha kutendeka. Msalabani Yesu alisema, "Imekwisha," na siku ya tatu akafufuka. Ndiyo maana Paulo anamshukuru Mungu "atupaye kushinda kwa Bwana wetu Yesu Kristo". Tunapewa. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, lakini kabla hajaanguka alikuwa amekwisha kuambiwa: "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Aliyeanguka leo ana mlango wa toba ulio wazi. Naomba hili lisikike kwa kila anayeona aibu kurudi kanisani.

Dhana: Mshindi wa kiroho hapatwi na baya.

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" hunukuliwa kabla ya mechi, mtihani na usaili wa kazi, kana kwamba ni ahadi ya matokeo mazuri. Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni. Mstari unaotangulia unataja mambo hayo anayoyaweza: "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Vivyo hivyo Warumi 8: kabla ya kusema tunashinda, na zaidi ya kushinda, anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga. Ushindi unapatikana humo humo ndani.

Mtazame Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili. Alishinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Rekodi hiyo ilivunjwa na wengine miaka michache tu baadaye. Yeye alikuwa amekwenda China kama mmisionari tangu 1925. Vita vilipopamba moto aliituma familia yake Kanada, naye akaishia katika kambi ya wafungwa ya Weihsien, chini ya Wajapani. Humo alifundisha watoto, akawasimamia vijana michezo, na akampa kijana mmoja viatu vyake mwenyewe vya kukimbilia, vimechakaa. Alifariki Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43, miezi michache kabla kambi haijakombolewa. Binti yake wa mwisho hakuwahi kumwona. Kwa hesabu za ubao wa matokeo, huyo alipoteza. Mimi naamini hakuwahi kushinda zaidi kuliko pale kambini.

Dhana: Timu ikishinda, Mungu alikuwa upande wake.

Wachezaji wa timu zote mbili huomba. Kumshukuru Mungu kwa afya na kipaji ni haki. Kumfanya shabiki wa upande mmoja ni kumshusha.

Dhana: Ushindi ukiwa ni neema, juhudi hazina kazi.

Paulo huyo huyo anasema anautesa mwili wake na kuutumikisha. Sala ya asubuhi, kusamehe aliyekukosea, kukataa rushwa bila mtu kukuona: hayo ni mazoezi halisi, na yanachosha. Lakini hayanunui taji, na hapa tofauti na uwanjani ni kubwa. Kwenye mbio "apokeaye tuzo ni mmoja", wengine wote huondoka mikono mitupu. Paulo, akikaribia kuuawa, anaitaja taji ya haki aliyowekewa kisha anaongeza: "wala si mimi tu, bali na watu wote pia waliopenda kufunuliwa kwake." Kwa hiyo ushuhuda wa jirani yako haukupunguzii kitu, mpigie makofi kwa moyo mweupe.