Mlango wa gari ukilia, weka chini hiyo oili chafu

Wiki hii wamefika watatu, maneno yaleyale: "Fundi, bawaba zinalia, nimezimwagia oili lakini wapi!" Nikifungua mlango nakuta bawaba nyeusi tii, vumbi limeganda juu yake kama ukoko wa ugali.

Jamani, oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na chembe za chuma. Ukiipaka bawaba za gari linaloishi Dodoma, kiangazi hiki cha Mei mpaka Novemba, vumbi linanasa palepale na unakuwa umejitengenezea msasa. Kelele itapungua siku mbili, tatu. Huku nyuma pini za bawaba na bushi (vile vibomba ambamo pini huzunguka) zinalika, mlango unalegea, mwisho hauingii kwenye kitasa mpaka uubamize.

Tena mara nyingi bawaba zinasingiziwa tu. Sikiliza vizuri. Kama ni "ko!" inayotokea mahali palepale kila unapofungua, shika stopa kwanza, ule mkono wa chuma ulio katikati ya bawaba mbili. Una mabonde ya kuushikilia mlango, na ukikauka au kulika ndipo unapogonga. Upepo wetu ukikupokonya mlango mara moja, stopa ndiyo inayopokea kishindo chote. Kupima ni rahisi: fungua bolti inayoifunga kwenye nguzo ya bodi, kisha fungua mlango taratibu huku umeushika, maana hauna tena cha kuuzuia usigonge madigadi. Kelele imekwisha? Bawaba hazina kosa.

Ikibaki, uache mlango wazi nusu, uunyanyue kwa chini. Ukicheza juu na chini, pini zimekwisha. Hapo hakuna kilainishi kitakachosaidia, badilisha pini na bushi. Wa dereva ndio huanza, kwa kuwa ndio unaofunguliwa kila safari.

Usipocheza, sugua uchafu wote kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo, fungua na kufunga mara kumi, halafu futa iliyozidi. Iliyozidi ni chakula cha vumbi. Hili nalirudia mpaka vijana wangu wa gereji wananicheka.

Wengine huniambia wamepuliza WD-40. Hiyo ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Inasafisha vizuri, na grisi ya zamani inaondoka nayo, kwa hiyo ukiishia hapo kelele itarudi.

Mlango ukiachia kwa sauti kama stika inayobanduliwa, hiyo ni raba inayozunguka mlango. Ioshe kwa maji na sabuni, paka silikoni. Grisi ya kawaida huivimbisha.

Na gari likiwa limewahi kugongwa, angalia ukingo wa mbele wa mlango. Rangi ikiwa imechubuka pale, mlango unasuguana na madigadi. Hiyo si kazi yangu, mpelekee fundi bodi.