Tetemeko likipita, volkano itaamka? Jibu limo kwenye kumbukumbu za siku za kimya

Kila tetemeko kubwa linapopiga karibu na mlima wa volkano, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: sasa na mlima utalipuka? Kazi yangu ni kusoma mitetemo ya volkano, na jibu langu huwaudhi wengi: mara nyingi hapana, mara chache ndiyo, na ili nikuambie lolote kuhusu mlima huo hasa, lazima niwe nimeusikiliza tangu zamani. Hilo la tatu linahitaji fedha, tena fedha isiyokatika, na ndilo lililonisukuma kuandika leo.

Matetemeko na volkano ni majirani kwa sababu vyote viwili hutokea zaidi pale mabamba ya gamba la dunia yanapogongana au kuachana. Ujirani huo peke yake hauthibitishi kwamba kimoja kimemwamsha mwenzake. Tetemeko la Japani la Machi 2011 lilikuwa na ukubwa wa 9.0, katika nchi yenye volkano hai zaidi ya 100. Vipimo vya rada kutoka setilaiti vilionyesha ardhi kwenye baadhi ya maeneo ya volkano ikishuka hadi sentimita 15. Chile ilikuwa imeona jambo kama hilo baada ya tetemeko lake la 2010. Volkano ziliguswa kweli, lakini ile milipuko ya mfululizo iliyoogopwa na wengi haikuja.

Kuna nyakati inakuja. Tarehe 22 Mei 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na siku mbili baadaye volkano ya Cordón Caulle ikaanza kulipuka. Mwaka 1707 mlima Fuji ulilipuka siku 49 baada ya tetemeko kubwa la Hoei. Tetemeko hubadilisha mkazo katika miamba inayoizunguka magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya mlima: huku hubana, kule hulegeza, na gesi iliyoyeyuka ndani ya magma hupata nafasi ya kutoka na kutengeneza viputo. Lakini magma lazima iwe imeiva na kukaribia juu. Mlima ambao haujawa tayari unaweza kutikiswa na tetemeko la ukubwa wa 9 na ukabaki umelala. Kwa hiyo mimi hujiuliza kwanza hali ya mlima ilikuwaje wiki moja kabla ya tetemeko. Ukubwa wa tetemeko lenyewe huja baadaye.

Uhusiano unaonishughulisha kila siku ni ule wa upande wa pili: volkano yenyewe ndiyo inayotengeneza matetemeko, madogo kwa maelfu, na mengi hayasikiki kwa binadamu. Magma inapopanda hupasua mwamba. Kila mpasuko huandika alama kwenye kipima mitetemo: mstari uliotulia, ghafla ncha kali, halafu mawimbi ya pili makubwa zaidi, kisha kufifia. Tunaona hivyo kila mwamba unapokatika, popote pale. Alama ya pili ina tabia nyingine. Haianzi kwa ncha. Inavimba polepole na kucheza kwa mapigo yanayolingana, pigo moja au mawili kwa sekunde. Mara nyingi hapo ni maji au gesi inayosukumwa ndani ya ufa, na ufa wenyewe unavuma. Ya tatu ni mtetemo usiokoma: mstari unanenepa na kubaki mnene kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku. Nikiikuta asubuhi kwenye skrini, siketi kwanza. Ninasimama na kuanza kuhesabu vituo vingapi vya vipima mitetemo vimeiona.

Hata hivyo alama hizi hazina kamusi moja kwa milima yote. Galeras, nchini Kolombia, ilikuwa ikitoa mitetemo mirefu inayofifia taratibu, ambayo kwenye karatasi inafanana na skurubu, kwa hiyo wataalamu wakaiita hivyo. Ilikuwa imeonekana kabla ya mlipuko wa Julai 1992. Januari 1993 ikaonekana tena, michache tu, na kwa vipimo vingine mlima ulionekana mtulivu. Tarehe 14 Januari watu tisa, sita kati yao wanasayansi, waliuawa kreta ilipolipuka. Wenzetu hao walikuwa na rekodi ya mlipuko mmoja tu wa kulinganisha. Leo skurubu chache pale Galeras zinasomwa kwa hofu inayostahili.

Ndiyo maana rekodi za siku ambazo hakuna kinachotokea nazithamini kuliko za siku ya mlipuko. Matetemeko 40 kwa siku yanaweza kuwa kawaida kwa mlima mmoja, na kwa jirani yake yakawa sababu ya kuamsha viongozi usiku. Tofauti hiyo huipati bila miaka ya kusikiliza.

Na hapa ndipo mfumo wa ufadhili unapotuangusha. Ruzuku nyingi za utafiti hutolewa kwa miaka miwili au mitatu na hudai jambo jipya. Niliwahi kufanya kazi katika mradi uliotupatia vituo vitano kwenye mlima mmoja. Mwaka wa kwanza ulikwenda kwenye kuchimba, kufunga paneli za jua na kugundua kwamba panya wanapenda nyaya zetu. Wa pili ulikuwa wa kurekebisha. Wa tatu ndio uliotupa data safi. Tukaomba kuendelea, tukajibiwa kwamba pendekezo letu halina upya. Tukapanda kuving'oa vifaa kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka mmoja na nusu baadaye mfululizo wa matetemeko ukaanza pale pale, nasi tukabaki na kituo cha karibu kilicho umbali wa kilomita 80. Kwa umbali huo, tetemeko la kina cha kilomita 3 na la kina cha kilomita 10 hufika karibu kwa wakati mmoja, huwezi kuyatofautisha. Watu wakatuuliza kama magma inapanda. Hatukuweza kuwajibu. Mlima haukulipuka mara ile, lakini uchungu wa swali lile bado ninao.

Goma, mashariki mwa Kongo, imeonja jambo zito zaidi. Ufadhili mkubwa uliokuwa ukikiendesha kituo kinachoangalia volkano ya Nyiragongo ulikoma 2020, na kwa miezi kadhaa wataalamu hawakuwa hata na intaneti ya kupokea data za vipimo vyao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka. Lazima niseme ukweli wote: uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ishara za wazi zilianza dakika 40 hivi tu kabla ya lava kutoka, kwa hiyo si haki kudai kwamba fedha ingeuona mlipuko siku kadhaa mapema. Lakini siku zilizofuata matetemeko yaliutikisa mji mfululizo huku magma ikijipenyeza chini ya Goma na chini ya Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei watu kwa mamia ya maelfu wakaamriwa kuhama. Uamuzi kama huo unahitaji vituo vilivyo hai, na watu waliolipwa mshahara wao.

Pinatubo hutajwa mara nyingi kama ushindi, na ni ushindi kweli. Julai 1990 kisiwa cha Luzon, Ufilipino, kilipigwa na tetemeko kubwa umbali wa kilomita 100 hivi kutoka mlimani. Aprili 1991 mvuke ukaanza kulipuka kwenye mlima uliokuwa umelala karibu miaka 500. Haijathibitishwa kwamba tetemeko lile ndilo lililouamsha. Wataalamu wa Ufilipino na Marekani walifunga vipima mitetemo kwa haraka, maelfu ya watu wakahamishwa, na mlipuko mkuu ulipokuja 15 Juni, inakadiriwa kwamba angalau maisha 5,000 yaliokolewa. Kikosi cha Marekani kilichokwenda na vifaa kilikuwa kimeundwa 1986, baada ya tope la volkano ya Nevado del Ruiz kuua zaidi ya watu 20,000 mwaka 1985. Fedha ilikuja baada ya mazishi. Na Pinatubo ilitoa wiki kumi za kujiandaa. Nyiragongo ilitoa dakika.

Februari 2009, Bobby Jindal, wakati huo gavana wa jimbo la Louisiana, Marekani, aliitaja bajeti ya kufuatilia volkano kwenye hotuba ya televisheni kama mfano wa matumizi yasiyo na maana. Haukupita mwezi, Redoubt huko Alaska ikalipuka. Ni mlima ule ule ambao majivu yake yalizima injini zote nne za ndege ya abiria Desemba 1989, kabla rubani hajafaulu kuziwasha tena. Safari hii tahadhari ilikuwa imepandishwa tangu Januari, kwa sababu vituo vilikuwepo na viliusikia mlima ukinguruma.

Tunachoomba si kikubwa: betri kila baada ya miaka michache, mafuta ya gari, intaneti, na mshahara wa fundi anayepanda mlimani pamoja na mchambuzi wa zamu ya usiku. Kama unaishi chini ya volkano, au unakaa kwenye kamati inayogawa fedha za utafiti, uliza taasisi inayouangalia mlima huo maswali mawili. Leo hii ni vituo vingapi vya vipima mitetemo vinatuma data, kati ya vingapi vilivyofungwa? Na fedha ya kuviendesha inaisha mwezi gani?